Gari linalogoma kuwaka baada ya kujaza petroli: kagua mfumo wa mvuke kwanza

Kama gari lako huwaka vizuri siku zote isipokuwa dakika chache baada ya kutoka kituo cha mafuta, usikubali kununua pampu ya petroli kabla hujakagua mfumo wa mvuke. Gari langu lilikuwa na tabia hiyo: nikishajaza petroli, starta ilizunguka muda mrefu bila injini kushika, na ikishika ilitetemeka na kutoa harufu kali mpaka nikanyage mafuta kwa nguvu. Taa ya injini ilipowaka, kompyuta ilionyesha msimbo P0441, maana yake mvuke wa petroli hauendi kwenye injini kwa kiasi au kwa wakati unaotakiwa. Fundi mmoja alitaka tubadilishe pampu, mwingine akasema ni plagi, na hakuna hata mmoja aliyeigusa vali inayopitisha mvuke huo.

Petroli hutoa mvuke hata injini ikiwa imezimwa, na katika joto la Dar es Salaam hutoa mwingi. Mvuke huo hauachwi utoke nje. Hupelekwa kwenye kasha lenye mkaa maalumu unaounasa, kisha injini ikishapata moto kompyuta ya gari hufungua vali ya mvuke, na mnyonyo wa injini huuvuta mvuke ukachomwe pamoja na petroli ya kawaida. Upande wa pili wa kasha kuna njia inayoingiza hewa safi, ambayo katika magari mengi ina vali yake. Jambo la kushika ni hili: vali ya mvuke isipopata umeme inapaswa kuwa imefungwa, na vali ya hewa isipopata umeme inapaswa kuwa wazi. Ukilijua hilo, nusu ya upimaji umeshaimaliza.

Vali ya mvuke ikikwama wazi, mvuke mzito unaosukumwa wakati wa kujaza tangi huingia kwenye injini bila kizuizi, na mchanganyiko wa hewa na petroli unakuwa mzito kiasi kwamba injini haiwezi kushika. Ndiyo sababu hitilafu hujitokeza baada ya kujaza na kupotea yenyewe baadaye, na ndiyo sababu inawapoteza mafundi wengi.

Kupima hakuhitaji mashine. Fanya kazi mahali pa wazi, mbali na sigara na uchomeleaji. Chomoa soketi ya umeme ya vali, kisha chomoa mpira unaotoka kwenye kasha la mkaa, washa injini, na uweke kidole kwenye mdomo wa vali ulioachwa wazi. Ukisikia kidole kinavutwa, vali haifungi, na hapo hakuna mjadala. Wengine hupima kwa mita ya umeme tu, na ni kweli kwamba vali nyingi husoma kati ya omu 20 na 30, lakini usomaji mzuri unathibitisha koili peke yake, yaani waya uliozungushwa ndani ya vali. Vali inaweza kuwa na koili nzima na bado ikawa imekwama kwa uchafu.

Vali yangu nilipoifungua niliigonga taratibu juu ya karatasi nyeupe, zikadondoka punje nyeusi ndogo, ngumu, zinazoacha alama kidoleni. Huo ulikuwa mkaa wa kasha. Punje hizo zikionekana, kubadilisha vali pekee ni kutupa fedha, kwa sababu kasha limepasuka kwa ndani na litaendelea kutema mkaa mpaka liiharibu na vali mpya. Badilisha kasha na vali kwa pamoja, na bomba linaloziunganisha lichomolewe pande zote mbili lipigwe upepo mpaka liwe safi. Kwa wanaotafuta spea zilizotumika pale Ilala, litikise kasha kabla ya kulipa: lisitoe sauti ya punje zinazozunguka, lisiwe zito kupita kawaida, wala lisidondoshe petroli.

Misimbo P0442, P0455 na P0456 ni habari nyingine, kwani yenyewe husema mfumo unavuja. P0456 inaweza kuwashwa na tundu la nusu milimita tu. Anza na mfuniko wa tangi: mpira wake usiwe na nyufa, na mdomo wa tangi usiwe na kutu, jambo la kawaida kwa magari ya pwani. Kisha fuata mipira yote hadi kwenye injini. Usipoona kitu, tafuta gereji yenye mashine ya moshi, inayosukuma moshi ndani ya mfumo kwa shinikizo dogo, chini ya psi 1, ili uonekane unapotokea. Asikudanganye mtu kupiga upepo wa kompresa ndani ya mfumo huu. Unaweza kupasua kasha au tangi, na hewa iliyochanganyika na mvuke wa petroli inaweza kulipuka.

Njia ya hewa nayo huziba kwa vumbi na wadudu. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita tena magari ya Mazda6 huko Amerika Kaskazini baada ya kubainika kuwa buibui walikuwa wakisuka utando ndani ya mpira wa hewa, hali ambayo ingeweza kuleta ufa kwenye tangi. Dalili ya njia hiyo kuziba ni pampu ya kituoni kujikata kila mara wakati wa kujaza, au tangi kuvuta hewa kwa kishindo unapofungua mfuniko.

Kinachoua makasha mengi ni kuongeza petroli baada ya pampu kujikata, ili hesabu ya shilingi ikae sawa. Petroli hiyo ya ziada huingia kwenye kasha ikiwa kimiminika, nao mkaa wake umetengenezwa kwa ajili ya mvuke tu. Mwambie mhudumu aishie pampu inapojikata.

Baada ya matengenezo, kufuta msimbo si uthibitisho. Magari mengi hujipima uvujaji injini ikiwa imewashwa ikiwa baridi, na tangi likiwa na mafuta kati ya asilimia 15 na 85, kwa hiyo liache gari lilale, uliendeshe kwa siku kadhaa bila kujaza hadi juu, kisha lisomwe tena kabla hujamlipa fundi sehemu ya mwisho ya fedha zake.