Anatakiwa Kitambulisho cha Baba Asiyekuwapo

SWALI: Shikamoo Bi. Nina miaka 19, naishi Mombasa. Mama ni Mkenya, anauza viazi karai. Baba ni Mwarabu aliyetuacha nikiwa mdogo, sina hata karatasi yake moja. Nilipokwenda kuomba kitambulisho, afisa alinitazama nywele, akataka kitambulisho cha baba na cha babu. Rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja alipata chake bila maswali. Je, mimi si Mkenya kamili?

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe ni Mkenya kamili. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake ni raia. Cha mama kinatosha.

Huko kumtafuta baba ni mazoea ya kale. Chini ya katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alipata uraia kwa baba tu. Na kabla ya hapo kulikuwa na kipande, kitambulisho cha enzi za ukoloni. Mkoloni aliwalazimisha wanaume Waafrika kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kina alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Cha marehemu babu yangu tunacho hadi leo, tundu za kamba zimeliwa na kutu. Mzungu aliyemwajiri hakuvaa kipande chochote. Bibi yangu naye hakuandikishwa popote, kana kwamba hakuwapo. Wanubi wa Kibera, ambao mababu zao waliletwa na Waingereza kama askari, wajukuu wao wamepigwa msasa miaka na miaka kwa sababu ya jina na sura. Linaniudhi sana jambo hili.

Rudi na cheti chako cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mama na barua ya chifu. Mama awepo mwenyewe. Najua karai likilala siku moja, jioni hapana chakula. Kwa hiyo nendeni alfajiri, kabla foleni haijajaa. Wakikukatalia, omba sababu kwa maandishi, ni haki yako chini ya Ibara ya 47, kisha ipeleke karatasi hiyo kwa ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Chai usitoe, hata wakikuambia ni ya kuharakisha tu.