Breki Hukanyagwa Kabla ya Kona

Mwanangu Imani,

Bwana asifiwe, mama. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu hapa gerejini. Unasema umeokoka tangu kidato cha pili, unaomba kila asubuhi kabla ya zamu, na bado juzi ulimfokea yule muuguzi mgeni mbele ya wagonjwa hadi akalia. Kisha ukaniuliza: "Baba, kwani kujitawala ni kwa waliozaliwa wapole?"

Mimi sikuzaliwa mpole. Ulipokuwa unatambaa, kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi alikaza nati vibaya, nikamrushia spana. Haikumpata, iligonga pipa la oili nyuma yake. Hakusema neno. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akachukua kofia yake msumarini, akaenda. Sikumwona tena. Wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili hiyohiyo nilisimama nikasoma somo. Mlio wa ile spana bado ninao masikioni.

Jibu lililonisaidia nilikuja kuliona uzeeni, kando ya barabara. Pasaka ya 2024 nilikwenda Soysambu kutazama Safari Rally, yale mashindano ya magari, nikasimama penye kona moja kali. Kabla ya kona palikuwa na kichaka cha leleshwa. Gari baada ya gari, dereva alikanyaga breki palepale kwenye kile kichaka: pua ya gari inainama, mawe yanaruka, halafu anakata kona na kuongeza mafuta tena. Akaja mmoja akapitiliza kichaka kidogo tu, labda urefu wa gari lake. Alipokanyaga breki alikuwa tayari ndani ya kona. Magurudumu aliyageuza, lakini gari likaendelea moja kwa moja hadi majanini.

Mimi fundi naelewa kwa nini. Tairi hushika ardhi kwa kiasi fulani tu. Ukikitumia chote kusimamisha gari, hakibaki cha kulikatia kona. Na neno hilo, kiasi, ndilo Biblia yetu inalolitaja mwisho wa tunda la Roho katika Wagalatia 5. Miaka mingi nililisoma nikidhani maana yake ni kwenda polepole. Kumbe wale madereva hawaendi polepole hata kidogo.

Wewe ulikanyaga breki ndani ya kona, mama. Ulijaribu kuuzuia ulimi wakati dozi imeshaandikwa vibaya, simu inalia, nawe hujala tangu asubuhi. Hapo hakuna mtu anayeweza, hata mchungaji. Niambie ukweli: usiku ule ulilala saa ngapi? Na yule binti, ulikuwa na kinyongo naye tangu lini? Kichaka chako cha leleshwa kiko huko nyuma.

Jambo lingine. Kabla ya mashindano, dereva na msomaji wake, yule anayekaa kando yake akimsomea njia, hupita njia ile mara mbili kwa mwendo wa chini, wakiandika kila kona. Siku yenyewe, katika vumbi lisiloonyesha kitu, msomaji husoma na dereva hukata usukani kwa kumwamini tu. "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi," inasema Zaburi 119:11. Limewekwa tayari. Roho Mtakatifu hutukumbusha, lakini mimi siku ya spana nilikuwa nimekaa wiki nzima bila kufungua Biblia ila kwa kutafuta somo la kuwasomea wengine.

Nilipokuwa mdogo tulimshangilia dereva Joginder Singh aliposhinda Safari mara ya tatu, 1976. Sasa namheshimu zaidi kwa jingine: aliingia Safari mara 22, akamaliza 19. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza 7, naye akiwamo. Alikuwa Singasinga, si Mkristo, lakini hata Paulo aliwaambia Wakorintho watazame wanamichezo: "Na kila ashindanaye katika michezo hujizuia katika yote." Katika yote, mama. Usingizi umo, chakula kimo, na maneno unayomsema mwenzako asipokuwapo yamo.

Wewe una nafasi niliyoipoteza mimi, maana yule binti bado yuko wodini kwenu. Mwombe radhi, na uombe mbele ya walewale waliosikia ukimfokea. Usiongeze "lakini nawe." Najua itakuwa ngumu, mimi nilimtafuta yule kijana hadi kwao Molo nikaambiwa familia ilihama.

Alhamisi kabla ya zamu nipigie. Tutasoma Zaburi hiyo pamoja, halafu uniambie saa zipi wodini hukuelemea, tuziandike moja moja. Mama yako anakusalimu. Ametuma maparachichi kwa basi la kesho. Yakague, mengine yameiva sana.

Ni mimi baba yako