Desemba haina pesa, na bado unaambiwa ufurahi

Kuna dada mmoja wa Likoni kanitumia meseji juzi, mumewe kaachishwa kazi, kodi ya nyumba imelala na fii za Januari hajui zitatoka wapi. Akaniuliza, "Mama, kila Jumapili mwatwambia tufurahi, tufurahie nini hasa?" Nlianza kumjibu pale pale kwa simu ikawa ndefu, nikaona heri niandike hapa, maana najua wako wengi wanaouliza hivyo hivyo kimoyomoyo.

Mimi Desemba yangu ngumu ilikuwa ya 2019. Wa Mombasa mwakumbuka mwaka ule, makontena yaliamriwa yapande SGR, ile reli mpya, moja kwa moja mpaka Nairobi badala ya malori, watu wakaandamana, na huku Changamwe na Miritini madereva, makanika na akina mama wa vibanda wakabaki kutazamana. Kampuni ya mume wangu ikapunguza watu na yeye akawa mmoja wao. Akiba ikaisha, vitu vikauzwa, hayo hayana maana kuyaeleza. Nikaanza kukaanga mahamri alfajiri na kuchemsha mbaazi nauza pale nje ya ploti, na mchana keateka, yule msimamizi wa ploti, anapita kudai kodi anagonga mlango kwa funguo zake, si kwa mkono, kwa funguo, ngo ngo ngo, ndio ujue ni yeye. Mpaka leo nikisikia chuma kwenye mlango moyo unaruka.

Halafu ndio mwezi ambao kila mtu wa bara anakumbuka ana ndugu Mombasa! Wanataka kuja kuona bahari, na wewe unanunua maji ya mkokoteni mtungi kwa mtungi.

Lakini kilichoniuma zaidi si njaa. Zamu yetu ya kupokea jumuiya, kikundi chetu cha kusali majumbani, ilikuwa ifike, ikahamishwa kwa mtu mwingine bila kuniuliza, eti nisisumbuke. Na mama mmoja mkubwa tu pale akaniambia mbele za watu, "Mama, mbona uso umekunja hivyo, hiki ni kipindi cha furaha." Nimesamehe, naam, nimeungama na kila kitu, lakini bado naikumbuka hata rangi ya leso aliyovaa. Jioni ile ile jirani yangu, bibi wa Kiislamu, akaniletea wali wa nazi na samaki wa kupaka, sahani imefunikwa na sahani nyingine, akasema "wape watoto, mwanangu" akaenda zake. Hakunihubiria hata neno moja.

Sasa sikizeni. Jumapili ya tatu ya Majilio, zile wiki nne za kungoja Krismasi, ndiyo ya Gaudete, yaani "furahini" kwa Kilatini, padri anavaa kasula, lile vazi la juu la Misa, ya pinki watoto wanacheka, na kwenye shada la mishumaa minne unawashwa ule wa pinki. Ile antifona ya kuingilia, maneno ya kufungulia Misa, inayotwambia tufurahi katika Bwana imetoka Wafilipi sura ya 4, na Paulo waraka ule aliuandika akiwa kifungoni. Na ukiwa ni mwaka A wa mzunguko wa masomo ya Misa, kama Majilio ile ya 2019, Injili yenyewe ni Mathayo 11, Yohane Mbatizaji yuko gerezani kwa Herode, anatuma wanafunzi wamuulize Yesu, wewe ndiye yule ajaye au tumngoje mwingine? Yohane huyo huyo aliyembatiza! Anauliza kama dada yangu wa Likoni. Yesu hakumkaripia, alimtumia habari ya vipofu kuona na maskini kuhubiriwa, na Yohane jela hakutoka, alikatwa kichwa. Kanisa limechagua masomo hayo kwa siku ya furaha, kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba furaha ni uso wa kucheka. Nliposikia Injili ile mwaka ule nlilia kanisani hadharani na sikujali leso ya mtu.

Tena angalieni hili, kwenye Majilio ule wimbo wa Utukufu hauimbwi Jumapili, rangi ni zambarau kama Kwaresima, lakini Aleluya hatujanyang'anywa. Wakati wa Kwaresima Aleluya inaondolewa, wakati wa Majilio inabaki. Basi iimbe hata kama sauti inatetemeka.

Ushauri wangu ni huu. Usiigize. Mwambie Mungu ukweli, na waambie ndugu ukweli, mwaka huu sina, msije, atakayenuna na anune. Usikope kwa simu ununue nguo za Krismasi, nakuomba, Januari utalia mara mbili. Jioni soma wimbo wa Maria, Luka 1 kuanzia mstari wa 46, usome kwa sauti watoto wasikie, wenye njaa wameshibishwa na matajiri wameondolewa mikono mitupu, yule binti wa Nazareti aliyasema hayo mtoto hajazaliwa bado. Na usiigize, narudia. Kama una kikombe cha unga mgawie mwenye nusu, utashangaa.

Na nyinyi wenye kazi zenu, mnaokaa viti vya mbele, acheni kuwapima watu nyuso zao. Beba sahani, funika, peleka, urudi kwako. Mimi leo nina vijana wawili wananisaidia kukaanga na mahamri yanaisha kabla ya saa mbili, na kila Desemba ziko sahani zinatoka kwangu, za Wakristo na za Waislamu.

Novena ya Krismasi, sala za siku tisa, inaanza tarehe 16, msiikose. Na kitubio, yaani kuungama, nendeni mapema, ukingoja tarehe 23 utapanga foleni kama ya feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni na padri mwenyewe keshachoka.