Friza limejaa barafu ila halipoozi!

SWALI: Mambo fundi, friza letu la kazini lile la milango ya vioo, koili ya ndani imekuwa nyeupe pe kwa barafu lakini vitu havigandi. Mmoja kasema gesi imeisha, mwingine evapareta imekufa. Kwani hiyo evapareta inafanyaga nini?

JIBU: Poa ndugu. Evapareta ndo hiyo koili ya ndani, haitengenezi baridi, inanyonya joto. Gesi ikiwa bado majimaji inapita kwenye valvu ya ekspansheni, presha inashuka ghafla, ikiingia kwenye koili inachemka, ndio, inachemka kwenye baridi hiyohiyo, maana R-134a (aina moja ya gesi ya friji) kwa presha ya kawaida ya hewa inachemka kwenye nyuzi -26 hivi, na ili ichemke lazima ivute joto toka kwenye hewa inayosukumwa na feni kwenye yale mapezi ya alumini. Mvuke unarudi kwa kompresa (pampu ya gesi), joto linatupwa nje kwenye kondensa, yaani koili ya nje.

Sasa barafu ikiziba mapezi hewa haipiti, joto litafikaje kwenye koili?

Kama imeenea koili nzima usikimbilie kujaza gesi (mafundi wengi hupenda hapo), cheki difrosti kwanza, mfumo wa kuyeyusha barafu, yaani hita, taima na sensa, halafu feni na raba za milango. Ikiganda mwanzoni tu mwa koili na kwingine pakavu, hapo ndo gesi inaweza kuwa imepungua.

Na usichokonoe na kisu, utatoboa koili. Zima, fungua milango, iache iyeyuke yenyewe.