Muulize Fundi: Prosesa nyuzi 100, rediata haina joto

*Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya gemu yenye prosesa ya Core i7-12700K. Kipozi cha maji cha rediata ya milimita 240 nilikitoa kwenye kompyuta yangu ya zamani ya Core i5-10400, na huko kilikuwa hakina tatizo. Sasa kompyuta ikiwa imetulia prosesa iko nyuzi 44, lakini nikifungua gemu tu inaruka hadi 100 na picha zinakwamakwama. Feni zinavuma kwa nguvu, ila hewa inayotoka haina joto hata kidogo. Dukani wameniambia kipozi kimekufa, ninunue cha milimita 360. Ninunue? – Msomaji, Tudor, Mombasa*

Usinunue kitu bado. Umeandika mambo mawili yasiyokaa pamoja: prosesa iko nyuzi 100, na hewa ya rediata haina joto. Joto la prosesa halipotei hivi hivi. Kama halijafika kwenye rediata limekwama njiani, na rediata kubwa zaidi itakaa vilevile ikisubiri joto lisilofika. Njia yenyewe ni fupi: prosesa, pesti ya kupitisha joto, bamba la shaba la kipozi, maji, mipira, rediata, feni. Kazi ni kujua limekwama wapi, na hilo utalijua kwa kutazama joto linavyopanda, kabla hujashika bisibisi.

Fungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto na kasi za vifaa, kisha ipe prosesa kazi nzito kwa Cinebench, programu ya kupima prosesa, na uangalie saa. Prosesa za siku hizi huruka nyuzi 20 au 30 papo hapo hata zikiwa na kipozi kizuri, kwa hiyo kule kuruka kusikutishe, angalia inaposimama. Ikifika 100 ndani ya sekunde chache na kubaki hapo, joto halitoki kwenye prosesa kuingia majini, au maji hayatembei. Ikisimama 75 kisha ikapanda pole pole kwa dakika 10 hadi 20, maji yanalichukua joto lakini rediata haiwahi kulitoa: vumbi, feni zilizogeuzwa, au kasha lisilopumua. Wewe uko upande wa kwanza.

Hapo wanabaki washukiwa wawili, pampu na mkao wa bamba. Pampu ndiyo rahisi kupima. Kwenye HWiNFO tafuta kasi yake. Pampu nyingi huzunguka kati ya 2,000 na 3,000 kwa dakika. Iweke kidole, utahisi mtetemo mdogo. Kisha, baada ya dakika 5 za kazi nzito, shika mipira yote miwili karibu na pampu. Mmoja ukiwa moto na wa pili baridi, maji yamesimama. Yakitembea, tofauti yake mkono hauihisi sana. Angalia pia waya wa pampu umechomekwa wapi. Ukikaa kwenye pini za feni za kasha, ubao mama unaweza kuipunguzia umeme kompyuta ikiwa imetulia, na pampu ikadorora. Mahali pake ni pini zilizoandikwa AIO_PUMP au CPU_FAN, na kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama unayoifungua kompyuta inapowaka, uiweke kasi kamili muda wote. Anayepunguza kasi ya pampu ili apate utulivu anapunguza kitu kisicho na kelele nyingi, apunguze feni.

Lakini pampu iliyokufa kabisa haikai nyuzi 44. Joto lingepanda hata ukiwa ndani ya BIOS hufanyi kitu. Kwa hiyo macho yetu yako kwenye mkao, na sababu umeitaja mwenyewe bila kujua: kipozi kimetoka kwa i5-10400. Prosesa hiyo inakaa kwenye soketi ya LGA1200, ambayo matundu ya skrubu yamepishana milimita 75. Yako mpya ni LGA1700: matundu yamepishana milimita 78, na juu ya prosesa yenyewe pako chini kidogo kuliko zamani. Braketi ya zamani, yaani fremu ya kufungia kipozi, ikilazimishwa, skrubu zinaweza kushika na ukaona kazi imekwisha, kumbe bamba limeelea au limelala upande mmoja. Pengo hilo huwezi kuliona kwa jicho, lakini kwa prosesa inayoweza kuvuta wati 190 linatosha kukuletea haya yote.

Tafuta braketi ya LGA1700 ya modeli yako. Watengenezaji wengi wanaiuza peke yake, na wengine huitoa bure ukiwaonyesha risiti. Ikipatikana, washa kompyuta dakika chache ili pesti ilainike, zima, chomoa waya ukutani, kisha legeza skrubu kwa kukingamisha, kona kwa kona. Zungusha kipozi kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua, usikivute juu kwa nguvu. Sasa soma pesti ya zamani kabla ya kuifuta. Mkao mzuri huacha alama nyembamba iliyoenea kote. Ukikuta pesti nene upande mmoja na upande wa pili imefinywa hadi chuma kinaonekana, bamba lilikuwa limelala. Tazama pia bamba lisiwe na karatasi ya plastiki ya kiwandani. Mafundi wenye majina wamewahi kuisahau.

Futa pande zote mbili kwa aisopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Sanitaiza ya mikono usitumie, ina gliserini inayobaki juu ya chuma. Pesti mpya iwe kiasi cha punje ya mbaazi katikati, au mstari mmoja kwa urefu, kwa kuwa prosesa hizi ni za mstatili. Kaza skrubu kwa kukingamisha, mizunguko miwili miwili, hadi zigote. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, umerudi ulikotoka.

Baada ya hapo ingia BIOS uangalie kikomo cha umeme. Intel imeiwekea 12700K wati 125 za kawaida na 190 za juu, lakini bao nyingi za gemu huja zimefungua kikomo hicho kabisa. Andika 125 na 190 mwenyewe. Kwenye gemu huenda usione tofauti ya kasi, lakini ya joto utaiona.

Neno moja kuhusu matarajio. Majaribio unayoyatazama mtandaoni mengi hufanyika kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Kila nyuzi moja ya chumba huongeza takriban nyuzi moja kwenye prosesa. Chumba cha Tudor saa tisa alasiri kikiwa 31, ongeza 9 au 10 juu ya namba za video kabla ya kulalamika. Prosesa hii huanza kujipunguza kasi ikifika 100, kwa hiyo 80 kwenye gemu ni sawa tu.

*Mafundi, hamjambo. Kipozi changu kinatoa sauti ya maji yakibubujika nikiwasha, na mapezi ya rediata yameota unga mweupe. Rediata iko mbele ya kasha, mipira iko juu. Naishi Nyali karibu na ufuo. – Msomaji, Nyali*

Hujambo, dada. Bubujiko ni hewa. Kila kipozi kilichofungwa kina hewa kidogo, na kila mwaka maji machache hupenya kwenye mipira na kutoka, hewa ikaongezeka. Hewa hukaa mahali pa juu kabisa, na ukiitaka isikudhuru ikae ndani ya rediata, isifike kwenye pampu. Geuza rediata mipira iwe chini, huku sehemu yake ya juu ikiwa juu ya pampu, au ihamishie paa la kasha. Usiiweke sakafuni mwa kasha na pampu ikawa juu yake. Sauti ikiendelea siku kadhaa baada ya kugeuza, na kipozi kina miaka mitano au zaidi, kimekaribia mwisho. Vingi havina tundu la kuongezea maji.

Huo unga mweupe ni alumini ikiliwa na chumvi ya bahari. Piga kwa brashi laini kavu, kisha puliza hewa kutoka ndani kwenda nje huku umezishika feni zisizunguke. Usioshe kwa maji ya mfereji. Dirisha la upande wa bahari lifungwe, au kompyuta ihamie ukuta mwingine.

*Je, AC ikipuliza moja kwa moja kwenye kompyuta, maji hayatajikusanya ndani? – Msomaji, Mtwapa*

Ikiwa inafanya kazi, la. Kila kilichomo ndani kina joto la hewa ya chumba au zaidi, na umande hautui juu ya kitu chenye joto kuliko hewa. Hatari ni pale unapozima kompyuta, inapoa pamoja na chumba, kisha unazima AC na kufungua madirisha. Hewa yetu yenye unyevu hutoa umande juu ya chuma baridi. Subiri nusu saa au zaidi kabla ya kuwasha tena.

*Nataka kujitengenezea mfumo wa maji mwenyewe, wa mipira ya kuunganisha. Maji ya kisima cha huku Kisauni nikiyachemsha yatafaa? – Msomaji, Kisauni*

Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi inabaki, tena inazidi kukolea kadiri mvuke unavyotoka. Visima vya kwetu vimepita kwenye mawe ya matumbawe, chokaa yake itaziba mifereji ya bamba isiyofika nusu milimita kwa upana. Tumia maji yaliyokenekwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu na mwani, au kimiminika cha kompyuta kilichochanganywa tayari. Ukienda petroli stesheni kuomba maji ya betri soma chupa vizuri, maana nyingine ni asidi.

Rediata na bamba viwe vya shaba vyote. Alumini na shaba ndani ya maji mamoja, alumini italiwa. Kwa bamba moja na rediata moja lita moja hutosha, lakini nunua tatu, maana rediata mpya huoshwa kwanza. Ukishajaza, washa pampu peke yake kwa saa 24, ubao mama ukiwa haujaunganishwa na umeme, na kila kiungo ukifunge karatasi ya tishu ili tone likitoka ulione. Badilisha maji kila miezi 12, au mapema yakigeuka rangi.