Ukuta unavuta maji kutoka chini, nipake rangi gani?

SWALI: Fundi habari, ukuta wa sebuleni unabambuka rangi kwa chini, kama mita moja hivi, na unatoa unga mweupe. Nimeskimu na kupaka upya lakini wapi, inarudi vilevile. Kuna rangi ya kuzuia?

JIBU: Salama ndugu yangu, rangi iache kwanza. Hapo maji ya ardhini yanapanda kupitia vitundu vya tofali, na huo unga ni chumvi yanayoiacha yakikauka. Ukipaka rangi isiyopitisha hewa unyevu unatafuta njia juu zaidi, basi. Ila kabla ya kumlaumu msingi angalia nje, bomba linavuja? udongo au sakafu ya nje imepanda ikapita DPC, ile karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi? Udongo au sakafu hiyo inatakiwa iwe chini ya DPC kama sentimita 15, na mara nyingi ukichimba tu kuishusha tatizo linaisha. Kama DPC haipo kabisa, fundi atoboe matundu kwenye mota (ile saruji kati ya tofali) ya mstari wa chini, ajaze krimu ya silikoni ya kuzuia maji, halafu plasta yenye chumvi ibanduliwe yote. Usiharakishe kupiga plasta mpya, ukuta mnene unakauka kwa miezi.