Kufunga mota kwenye baiskeli nyepesi ukiishi Bukavu

Ukiishi Bukavu, usiulize kwanza baiskeli ya mota itakimbia kiasi gani. Uliza itapandaje. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukiwa ufukweni, njia ya kwenda Kadutu, mojawapo ya komuni za mji, ni kupanda tu. Mimi, baiskeli yangu ya mbio na mkoba tunafika kilo 90. Kuinua mzigo huo mita 200 kunadai kama wati-saa 50, kipimo cha nishati ambayo betri hubeba. Ongeza zinazopotea kwa joto la mota, weka 65. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 inabeba wati-saa 360. Basi betri ndogo inatosha, hasa miguu ikiendelea kufanya kazi. Ukiweka kubwa zaidi, unaua wepesi ule ule uliokufanya uipende baiskeli hiyo.

Nilichagua mota ya katikati, inayokaa penye pedali, na hiyo ndiyo ninayomshauri kila anayeishi kwenye milima hii. Mota ya gurudumu ni nafuu na ni rahisi kufunga, lakini kwenye mpando mkali inazunguka polepole na umeme mwingi unaishia kuwa joto. Ya katikati inafaidi gia zako. Mnyororo utalika haraka zaidi, hilo likubali. Kabla ya kulipa, fundi apime tundu la ekseli ya pedali: baiskeli nyingi za zamani zina tundu la milimita 68 kutoka upande mmoja hadi mwingine, lenye nyuzi za skrubu, na mota nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Ukishikilia kutaka mota ya gurudumu la mbele, usiifunge kamwe kwenye uma wa kaboni.

Tafuta mota yenye kihisi cha nguvu ya mguu. Ile inayohisi tu kwamba pedali inazunguka inaweza kukurusha mbele ghafla, na katikati ya motari (teksi za pikipiki) na akina mama wenye mizigo hilo ni hatari.

Breki zinanishughulisha kuliko mota. Vifaa vyote vinaongeza kama kilo 6, na ulikopanda utashuka. Breki za kubana rimu hupungua nguvu rimu ikilowa, na mvua yetu mnaijua. Nunua raba mpya za breki kabla ya mota. Fremu ikiwa na nafasi, weka tairi za milimita 28 badala ya 23.

Wengi huwaagiza ndugu walio Ulaya walete kila kitu kwenye sanduku. Mota, sawa. Betri, hapana: kwenye ndege za abiria mwisho ni wati-saa 100, au 160 kwa idhini ya shirika. Iagize isafirishwe kama mzigo. Wala usikubali kuundiwa kwa seli zilizong'olewa kwenye kompyuta kuukuu. Seli zisizolingana, tena bila saketi ya kuzilinda, huweza kuwaka, na nyumba zetu za mbao zimebanana mno.

Chaja ya ampea 2 hujaza betri tupu kwa saa 5 hivi. Umeme ukikatika katikati, usihofu, lithiamu haidhuriki kwa kujazwa nusu nusu. Ichaji umeme ukiwepo, mchana, ukiwa karibu nayo.